Usiitupe Spika ya Redio ya Zamani Kabla Hujaipima

Hotuba iliyotolewa kwa mafundi na wapenzi wa redio za valvu, Kariakoo, Dar es Salaam. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti; wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni; mafundi wenzangu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala; vijana mnaojifunza; na ninyi mliokuja na redio za babu zenu mkiwa mmezifunga kwenye khanga na mashuka: itifaki imezingatiwa, nami nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie spika, na nitazungumzia spika tu. Valvu, zile taa za kioo zinazokuza mawimbi ndani ya redio, zina siku yake, na kung'arisha mbao kuna watu wanaokujua kuliko mimi. Ninalo jambo moja, nanyi mtanisikia nikilirudia hadi mchoke: katika redio ya valvu, spika haikubandikwa pembeni kama pambo. Spika ni sehemu ya redio. Anayeing'oa na kuweka nyingine mpya kabla hajaipima amebadilisha redio nzima, hata kama mwenyewe anadhani amebadilisha kitu kimoja.

Kwa nini nalisema hili hapa Kariakoo? Kwa sababu hapa spika mpya ni rahisi kupata kuliko subira. Ukitoka nje ya ukumbi huu na kutembea hatua chache, utauziwa spika ya omu nne au omu nane (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme) kwa bei ambayo fundi hawezi kushindana nayo. Mteja analeta redio iliyonyamaza, fundi anaona karatasi ya spika imechanika, na uamuzi umekwisha kufanyika kabla mita haijatoka kwenye mkoba. Je, ni wangapi kati yetu tumeona redio nzuri ikiharibiwa kwa njia hiyo? Naona mikono. Naona hata mikono ya waliosimama nyuma.

Tuanze na kuijua spika iliyo mbele yako. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika yenye koili ndogo, yaani waya uliosukwa mviringo, iliyogundishwa kwenye koni ya karatasi na kuning'inia ndani ya pengo jembamba la sumaku. Mkondo wa sauti ukipita kwenye koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, koni inafuata, na hewa inatikisika. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo katika spika unayouziwa leo barabarani. Kilichotofautiana ni sumaku. Wakati huo sumaku za kudumu zilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo watengenezaji walitumia sumaku ya umeme: koili kubwa yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, ambayo hailishwi na kitu kingine ila redio yenyewe. Mwaka 1931 mtafiti wa Japani, Tokushichi Mishima, aligundua aloi ya chuma, nikeli na alumini iliyotoa sumaku ya kudumu yenye nguvu kubwa, na kutokana na njia hiyo zikaja sumaku za alniko. Taratibu koili kubwa ikaondoka kwenye spika. Kufikia mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo, redio nyingi mpya zilikuwa tayari na sumaku ya kudumu, lakini zile za miaka ya 1930 hazikutupwa. Ziliendelea kusikilizwa, na ndizo mnazoniletea sasa.

Utazitofautishaje? Geuza spika, hesabu nyaya. Spika ya sumaku ya kudumu inahitaji nyaya mbili tu kwenda kwenye koili yake ndogo. Ukiona nyaya nne au zaidi, na nyuma kuna chungu cha chuma kikubwa na kizito, simama hapo. Hiyo ni spika ya koili ya sumaku.

Nitawapa kisa. Mzee mmoja wa Magomeni alileta redio ya mbao aliyoirithi. Kabla ya kufika kwangu ilikuwa imepita kwa fundi mwingine, ambaye sitamtaja, na fundi huyo alikuwa ameweka spika mpya inayong'aa. Nyaya mbili zilibaki hazina pa kwenda, akazifunga kwa utepe vizuri kabisa na kuzilaza pembeni. Redio ikawa bubu. Ilirudishwa kwake, akafungua utepe, akaziunganisha zile nyaya mbili pamoja, na redio ikasema, lakini kwa mvumo mzito uliofunika taarifa ya habari, na baada ya muda mfupi ikatoa moshi.

Nini kilitokea? Zile nyaya mbili zilikuwa za koili ya sumaku. Katika redio nyingi za aina hiyo, umeme wote wa volti ya juu unaokwenda kwenye valvu hupita kwanza ndani ya koili hiyo, nayo hufanya kazi mbili kwa pamoja: inaipa spika sumaku, na inachuja mvumo wa umeme. Nyaya zikiachwa wazi, valvu hazipati kitu. Zikiunganishwa moja kwa moja, hakuna tena cha kuchuja wala cha kupunguza volti, na kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Kumbukeni pia kwamba redio ya namna hiyo ikiwashwa huku spika imechomolewa, kapasita ya kwanza inapokea volti kamili bila mzigo, na hiyo peke yake inaweza kuiua. Kwa hiyo usiwashe redio hizi bila spika yake kuwa mahali pake.

Na kama koili ya sumaku imekatika kabisa na hupati wa kuisuka upya? Basi piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Tuseme mchoro wa redio unaonyesha koili ya omu 1500 na mkondo wa miliampea 60. Zidisha: volti 90 zinaachwa hapo. Zidisha tena volti kwa mkondo: wati 5.4 zinageuka joto. Anayeweka rezista, yaani kizuia mkondo, ya wati tano amejitegea moto. Weka ya wati 10 au zaidi, mahali penye hewa, na uongeze koili ya kuchuja, kwa sababu rezista peke yake haichuji mvumo kama koili inavyochuja. Hapo ndipo spika ya sumaku ya kudumu inaweza kuingia, na hata hapo lazima ioane na transfoma, jambo ambalo nalijia sasa.

Kabla sijalijia, naomba vijana wanisikilize kwa makini. Ndani ya redio hizi kuna volti 250 za mkondo mnyoofu (DC), pengine zaidi, na kapasita hubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe volti hizo kwa rezista, usizitoe kwa bisibisi, kisha upime kwa mita kuhakikisha. Zipo pia redio zisizo na transfoma ya umeme, ambazo chasisi yake, ile fremu ya chuma inayobeba vifaa, imeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, chuma chote kina volti 230. Redio ya aina hiyo haiguswi mezani bila transfoma ya kutenganisha. Hili halina mjadala, na fundi anayesema yeye amezoea ninamwombea dua.

Sasa kupima. Redio imenyamaza, valvu zinawaka. Kosa liko wapi? Wengi watasema spika imeungua. Mimi nasema, katika redio za ukanda wetu wa pwani, anza na transfoma ya sauti, kile kitransfoma kidogo kilichofungwa mara nyingi kwenye mgongo wa spika yenyewe. Upande wake wa kuingilia una waya mwembamba kuliko unywele, umebeba volti ya juu wakati wote, na unaishi katika hewa yenye unyevu na chumvi. Unyevu ukikutana na shaba na umeme wa mkondo mnyoofu, waya unaliwa hadi unakatika.

Kulikuwa na redio iliyotoka Kigamboni, nyumba iliyo karibu kabisa na bahari. Mwenyewe, mama mmoja, aliniambia kwamba haitoi sauti, lakini valvu moja inawaka vizuri kuliko zote. Maneno hayo ya mwisho yalitosha. Upande wa kuingilia wa transfoma ukikatika, anodi ya valvu ya mwisho, ile sahani inayopokea mkondo, inakosa umeme, lakini skrini yake, wavu wa waya ulio ndani ya valvu, bado inaupata. Mkondo wote unakimbilia kwenye skrini, na waya za skrini zinaiva nyekundu ndani ya kioo. Yule mama aliona uzuri. Kumbe valvu ilikuwa inaungua mbele ya macho yake. Nilipofungua transfoma nikaona doa la kijani mahali waya unapotokea kwenye karatasi ya kukinga, dogo kama mbegu ya ufuta. Spika haikuwa na kosa lolote. Karatasi yake ilikuwa safi, koili yake nzima, na laiti ingebadilishwa, redio ingebaki kimya vilevile na valvu ingekufa.

Hivyo upimaji uwe na utaratibu. Redio imezimwa, imechomolewa, kapasita hazina kitu. Pima upande wa kuingilia wa transfoma: kwa kawaida utapata omu mia kadhaa. Ukikosa usomaji kabisa, umekatika. Kisha chomoa waya mmoja wa koili ya spika kutoka kwenye transfoma, ndipo upime koili hiyo. Kwa nini uchomoe? Kwa sababu upande wa kutolea wa transfoma una upinzani wa chini ya omu moja, na umeungwa sambamba na koili. Ukipima bila kuchomoa, mita itakuonyesha transfoma na wewe utaamini umeona koili. Koili iliyokatika inajificha hapo kila siku. Spika nyingi za redio za Uingereza zina omu 3 hivi za mzigo wa sauti, na mita itasoma pungufu kidogo ya hapo. Mwisho chukua betri ya volti 1.5, gusa nyaya za koili kwa sekunde moja na uachie. Ukisikia mlio mfupi na kuona koni imesogea, koili ni hai. Usiiache betri hapo. Sio kazi yake.

Na yule aliyekuja na spika ya omu nane kutoka mtaani, nimjibu vipi? Nimjibu kwa hesabu. Valvu ya mwisho inataka kuona mzigo wa, tuseme, omu 7000. Transfoma yenye uwiano wa mizunguko 48 kwa 1 inaibadilisha spika ya omu 3 ionekane kama omu 7000 hivi, kwa sababu uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe kwanza. Ukiweka spika ya omu 8 kwenye transfoma ileile, valvu inaona zaidi ya omu 18,000. Redio itasema, sikatai. Lakini itasema kwa nguvu ndogo na kwa sauti iliyokunjamana, na mteja atasema redio za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyokuwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji walikaa katika vikundi kuzunguka redio na kujadili walichokisikia. Mnadhani wangejadili nini kama sauti ingekuwa ya kukunjamana?

Nakuja kwenye kurekebisha, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndipo penye kazi yenyewe.

Redio inaimba vizuri ikiwa chini, ukiongeza sauti inakwaruza. Zima redio. Weka ncha za vidole vyako kwenye koni, mkono huu na mkono huu, pande zinazokabiliana, karibu na katikati. Sukuma polepole, sawasawa, milimita moja au mbili, huku sikio likiwa karibu. Koni nzima haisemi kitu. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa chuma. Pengo ambamo koili inacheza ni chini ya nusu milimita kila upande, kwa hiyo kitu kidogo mno kinatosha kuleta lawama.

Sababu ni mbili kuu. Ya kwanza ni uchafu, hasa chembe za chuma, kwa kuwa sumaku inazivuta na haiziachi. Usipulize kwa pampu. Utazisukuma ndani zaidi na unaweza kuchana karatasi. Chukua ukanda wa kadi nyembamba, uviringishie utepe wa gundi upande wa gundi ukiwa nje, uingize kwenye pengo, uzungushe, utoe, utazame. Rudia hadi utepe utoke safi. Na kamwe, narudia, kamwe usifungue sumaku ya alniko ili usafishe kwa urahisi. Kijana mmoja hodari alifanya hivyo. Aliisafisha ikametameta, akairudisha, kila kitu kikaingia mahali pake, na sauti ikatoka nusu ya ile ya zamani. Sumaku ya alniko ikitolewa kwenye chuma kinachofunga njia yake hupoteza nguvu, na kuirudisha mahali pake hakurudishi nguvu hiyo. Inahitaji mashine ya kuichaji upya. Mwenye mashine hiyo simjui hapa mjini.

Sababu ya pili ni koili kutoka katikati. Koni imeshikiliwa katikati na spaida, kile kipande chembamba kilichotobolewa mikono mikono. Katika spika nyingi za kabla ya vita, spaida imefungwa kwa skrubu moja katikati kabisa, au kwa skrubu mbili au tatu pembeni, na matundu ya skrubu yameachwa mapana kwa makusudi. Yale mapana ndiyo rekebisho lako. Lakini wengi wanafungua skrubu, wanakisia kwa jicho, wanakaza, wanapima, wanafungua tena. Hiyo ni bahati nasibu. Kata vipande vinne vya filamu ya kamera au karatasi ngumu ya unene uleule, kila kimoja chenye upana wa milimita tano hivi. Legeza skrubu, usiitoe. Ingiza vipande kwenye pengo, kati ya koili na nguzo ya katikati, juu, chini, kushoto na kulia. Viingie kwa kubana kidogo, visilazimishwe. Hapo koili haina pengine pa kwenda ila katikati. Kaza skrubu taratibu, ukiangalia spaida isizunguke pamoja na bisibisi. Toa vipande kimoja kimoja, kisha rudi na vidole vyako na sikio lako. Kama bado inagusa upande mmoja, huenda koili yenyewe haiko duara tena, na hilo ni jambo jingine.

Je, spika za baadaye, ambazo spaida imegundishwa na haina skrubu? Unaweza kulainisha gundi kwa asetoni na kurudia kazi ileile, lakini kabla ya kufika huko jaribu jambo ambalo halikugharimu hata shilingi. Koni iliyokaa wima miaka mingi hulegea kuelekea chini kwa uzito wake. Fungua skrubu nne za spika, igeuze juu chini, ifunge tena. Kilicholegea chini sasa kiko juu, na uzito unakirudisha. Nimeona mkwaruzo ukiisha hapo hapo, mteja bado hajamaliza kahawa.

Zipo pia, chache sana hapa kwetu, spika za kale zaidi, zisizo na koili inayocheza bali ulimi wa chuma mbele ya sumaku, nyingine zikiwa na tarumbeta juu. Hizo zina kitasa cha kurekebisha. Cheza matangazo kwa sauti ya wastani, zungusha kitasa ulimi ukaribie sumaku. Sauti itakua hadi ulimi unase na sauti ibanwe. Rudisha kidogo kutoka hapo, basi. Angalia tu nyaya zake zisigeuzwe chanya na hasi, kwa sababu katika redio nyingi za wakati ule mkondo wa valvu unapita ndani ya koili hiyo, na ukipita kinyume unaidhoofisha sumaku.

Karatasi iliyochanika sitaichelewesha. Gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, karatasi laini ya mfuko wa chai uliokaushwa, kiraka kidogo kinachopita ufa kwa milimita chache, pande zote mbili ikiwezekana. Gundi zinazokauka papo hapo zinakuwa ngumu na ufa mpya unaanza pembeni ya kiraka. Kwenye mikunjo ya ukingo wa koni usitumie gundi nyeupe. Tumia gundi ya mpira iliyopunguzwa, kwa kuwa pale panatakiwa pacheze. Na mahali mende walipokula pakubwa, pima kama inafaa kuvisha koni mpya, ukibakiza fremu, sumaku na transfoma vya asili.

La mwisho ni la wale wa koili ya sumaku, maana limewasumbua wawili waliokuja kuniona asubuhi hii. Spika nyingi za aina hiyo zina koili ndogo ya tatu, mizunguko michache tu, iliyolala karibu na koili kubwa na kuungwa pamoja na koili ya sauti. Kazi yake ni kuokota mvumo na kuupeleka kinyume, ili uuawe ndani ya spika. Ukiunganisha nyaya zake kinyume baada ya matengenezo, mvumo hautapungua. Utaongezeka, nawe utabadilisha kapasita zote bure. Badilishana nyaya mbili hizo kwanza, ndipo utafute kosa kwingine.

Ndugu Mwenyekiti, mita iko hapa, vipande vya filamu nimevikata vya kutosha, na mkanda wa gundi upo. Walioleta spika wazilete mezani moja moja, zikiwa zimechomolewa, tuanze na ile ya nyaya sita.